Mikono Iliyoaminiwa Uluguru

Barabara inayoacha njia kuu ya Iringa pale Sangasanga hupanda kwenda Mgeta ikipita kando ya mashamba yenye mteremko mkali, kiasi kwamba mgeni hujiuliza mkulima anasimama wapi. Nyandira, Langali, Bunduki, Tchenzema: huko juu hulimwa kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo, na chombo ni jembe la mkono, maana trekta halipandi na ng'ombe wa plau hana pa kukanyaga. Mavuno hushushwa kichwani hadi gari linapofika, ndipo yaanze safari ya Morogoro mjini na Kariakoo. Upande wa mashariki, Kinole na Matombo, mizigo ni ndizi, mananasi, karafuu na pilipili manga, lakini kazi ya mwili ni ile ile: kuinama tangu asubuhi, kujitwika, kisha kushuka magoti yakitetemeka.

Kiuno kinachobana, bega lisilopanda, goti linalouma wakati wa kuinuka ni mazungumzo ya kila nyumba milimani. Siku hizi mgonjwa wa namna hiyo akifika hospitali kubwa anaweza kuandikiwa fiziotherapia, au kama wengi wanavyosema, kupelekwa "kwenye mazoezi". Hapo ndipo ugumu unapoanza. Popote duniani wataalamu wa kazi hii hulalamikia jambo moja: mgonjwa huja mara ya kwanza, pengine ya pili, kisha haonekani tena. Mazoezi aliyofundishwa ayafanye nyumbani huishia mlangoni mwa hospitali. Ni rahisi kumlaumu. Lakini historia ya Uluguru inaonyesha kwamba watu wa milima hii hawakuwa wagumu hata siku moja kuiamini tiba ya mkono. Waliiamini kwa masharti, na masharti hayo yana uzito mpaka leo.

Kabla ya zahanati yoyote kulikuwa na mchuaji. Mara nyingi alikuwa mama mtu mzima, pengine mkunga pia. Wanaume walikuwapo, hasa waliojua kuunga mifupa na kufunga banzi. Mgonjwa hulazwa kwenye mkeka. Mafuta ya nyonyo, au ya nazi yaliyopanda kutoka pwani, hupashwa moto kidogo kando ya makaa, na mchuaji huyajaribu kwanza kwenye kiganja chake mwenyewe. Haanzi panapouma. Huanza mbali, kwenye paja ikiwa kiuno ndicho kinachosumbua, kwenye mkono ikiwa ni bega, akisogea taratibu huku akiuliza: hapa je? Na hapa? Mgonjwa akishtuka, mkono husimama, hurudi nyuma, kisha huja tena kwa njia nyingine. Huku wanaongea habari za shamba, za mvua, za watoto waliohamia mjini. Kisha hufuata kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto, na mwisho agizo la namna ya kulala na kutembea siku zinazofuata.

Palikuwa na njia kali zaidi. Chuku, yaani pembe iliyobandikwa mwilini ili kufyonza damu iliyoaminika kuwa chafu, ilipigwa mgongoni na mabegani. Chale ndogo za wembe zilichanjwa juu ya kiungo na kusuguliwa dawa. Wazee wengi wa Tanzania bado wana makovu hayo kwenye magoti na viuno, na daktari mwenye jicho husoma humo miaka ya maumivu ambayo mgonjwa hajayataja.

Mgonjwa hakuwa peke yake katika haya. Waluguru hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake, na ugonjwa uliokawia ulikuwa shauri la ukoo mzima. Ndugu walikaa kuamua kama huu ni ugonjwa wa Mungu, unaotokana na kazi, uzee au baridi, au una mkono wa mtu ndani yake. Jibu la swali hilo ndilo lililoamua mgonjwa aende kwa nani. Mwanaanthropolojia John Janzen, aliyechunguza tiba katika eneo la chini la mto Kongo, aliandika kitabu mwaka 1978 akionyesha kwamba huko Afrika ya Kati uamuzi wa tiba huwa mikononi mwa kundi la ndugu kuliko mgonjwa mwenyewe. Aliyewahi kuona mgonjwa wa Kitanzania akifika kliniki na wasindikizaji watatu hahitaji kushawishiwa.

Basi mchuaji aliaminiwa kwa sababu zilizo wazi. Alijulikana ni mtoto wa nani. Aliowatibu kabla walikuwa wakipita njiani, wanaulizika. Maelezo yake juu ya chanzo cha maumivu yalieleweka na wote waliokaa kwenye mkeka ule. Na malipo makubwa, mara nyingi, yalisubiri nafuu.

Maumivu yenyewe yana historia yake katika nchi hii. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilipita pande zote mbili za milima. Burton na Speke walipita Zungomero, kusini mashariki mwa Uluguru, mwaka 1857. Stanley alipita Simbamwene, mji uliokuwa karibu na Morogoro ya leo, mwaka 1871. Mzigo wa mpagazi ulipimwa kwa frasila, na frasila moja ni kilo 16 hivi. Mpagazi wa pembe za ndovu aliweza kubeba frasila mbili kwa miezi. Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Majeshi ya upande wa Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akarudi nyuma akiizunguka milima kuelekea Kisaki. Nyuma ya kila askari walikuwapo wapagazi waliobeba risasi, unga na majeruhi kwenye matope ya bonde la Mgeta na Ruvu. Makumi ya maelfu walikufa katika vita hiyo ya Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na kuchoka. Waliosalia walirudi vijijini na mabega na magoti yao kama yalivyokuwa.

Vita hiyo hiyo ndiyo iliyoikuza fiziotherapia Ulaya na Marekani. Mwaka 1914 nchini Uingereza kiliundwa kikosi cha wanawake wa kuchua majeruhi, Almeric Paget Massage Corps. Marekani ilipoingia vitani iliandaa wasaidizi wake wa kuwarejesha askari katika hali ya kujitegemea, na miongoni mwa waliowaongoza alikuwa Mary McMillan. Askari aliyepoteza mguu Ufaransa alifundishwa kutembea upya. Mpagazi aliyevunjika mgongo Kisaki alirudi kwa mchuaji wa kijijini kwake, kama aliweza kurudi. Tofauti hiyo haijaandikwa vya kutosha katika historia ya tiba ya Afrika Mashariki, nayo inastahili.

Ikumbukwe pia kwamba hata Ulaya taaluma hii ililazimika kuomba imani. Mwaka 1894 jarida la madaktari wa Uingereza lilifichua kwamba baadhi ya nyumba za kuchua mjini London zilikuwa madanguro. Wauguzi wanne, miongoni mwao Rosalind Paget na Lucy Robinson, wakaanzisha chama mwaka huo huo ili kuokoa jina la kazi yao. Walijiwekea sheria ngumu: kutochua bila maelekezo ya daktari, kutojitangaza kwenye magazeti ya kawaida, kutowauzia wagonjwa dawa. Chama hicho kilipata hati ya mfalme mwaka 1920 na ndicho kilichozaa chama cha wafiziotherapia wa Uingereza. Imani ya wagonjwa ilikuja baada ya wataalamu wenyewe kukubali kubanwa na kanuni ambazo kila mtu angeweza kuziona.

Uluguruni, tiba ya kigeni ilifika kwa njia ya misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua kituo Morogoro mwaka 1882 na Matombo mwaka 1897. Dawa za wamisionari zilipokelewa, lakini kwa tahadhari. Katika miaka ya ukoloni uvumi wa mumiani ulienea Uluguru kama ulivyoenea pwani na Nairobi: kwamba kuna watu, mara nyingi Wazungu na wanaowatumikia, wanaokamata wenyeji na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Mholanzi Peter Pels, aliyefanya utafiti Uluguru, aliuchambua uvumi huo katika makala ya mwaka 1992, na mwaka 1999 akachapisha kitabu kizima juu ya mahusiano ya wamisionari na Waluguru. Kwa msomaji wa leo mumiani anaweza kuonekana hadithi ya kutisha watoto. Ukiufikiria kwa makini, uvumi ule ulikuwa na swali halali ndani yake: huyu anayetaka kuugusa mwili wangu anautaka kwa faida ya nani?

Swali hilo lilijibiwa na sindano. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, katika miaka ya 1920, serikali ya Tanganyika iliendesha kampeni ya kutibu buba kwa sindano za bismathi. Buba ulikuwa ugonjwa wa vidonda vya kuchukiza, ukishambulia ngozi na mifupa, na dawa hii ilivikausha vidonda upesi mbele ya macho ya majirani. Watu walimiminika. Tangu hapo sindano ilipata heshima Afrika Mashariki ambayo hakuna kidonge kilichoipata, na ambayo bado ipo: mgonjwa wa mgongo anayetoka hospitali bila sindano mara nyingi huona hakutibiwa. Wataalamu wa mazoezi hupenda kulalamika kuhusu hili. Lakini sindano haikupendwa kwa ushamba. Ilipendwa kwa kuwa ilionekana ikifanya kazi. Mazoezi nayo hufanya kazi, ila taratibu, ndani ya mwili, na mara nyingi kwa kuuma kidogo kwanza. Lazima kupatikane namna ya kuyafanya yaonekane.

Kisa kikubwa kuliko vyote katika historia ya imani Uluguru, hata hivyo, hakikutokea zahanati. Kilitokea shambani, na kiliihusu migongo moja kwa moja.

Serikali ya kikoloni iliogopa kwamba udongo wa milima unaporomoka na kuujaza mto Ruvu, ambao maji yake yalihitajika chini. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950 ukatekelezwa Mpango wa Matumizi ya Ardhi wa Uluguru. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi, mapana na bapa, kwenye miteremko yao, na asiyetii alipigwa faini. Kazi ilikuwa ya kuvunja kiuno. Mbaya zaidi, udongo wenye rutuba katika sehemu nyingi za Uluguru ni tabaka jembamba. Ukichimba tuta pana unaufukia ule mzuri na kuuinua ule usiozaa. Watu wa Mgeta walikuwa na ngazi zao wenyewe, nyembamba, ambamo magugu hufukiwa yaoze yawe mbolea. Hakuna aliyewauliza. Waliona mavuno yakipungua katika mashamba waliyoyachimba kwa amri, wakaambiwa wavumilie. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa, na chama kipya cha TANU kikapata wafuasi wengi milimani.

Wataalamu wa kilimo waliokuja na mpango ule walikuwa na nia njema na vipimo vyao. Udongo ulikuwa ukiporomoka kweli. Walichokosa ni ridhaa ya mtu aliyeshika jembe, na bila yeye elimu yote ile haikufaa kitu. Mtaalamu wa fiziotherapia anayemwambia mama wa Tchenzema "usiiname, usibebe, fanya hivi mara kumi asubuhi na jioni" bila kumuuliza siku yake inakwendaje anarudia kosa la 1955. Mama yule hawezi kuacha kuinama; shamba lake ni ukuta. Anachoweza ni kufundishwa kuinama kwa zamu, kugawa mzigo safari mbili, kuimarisha mapaja ili kiuno kisifanye kazi peke yake. Hilo atalisikiliza, maana linamfaa kesho asubuhi.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Katika hali hiyo tiba ya mazoezi haikuwa ya kwanza kwenye orodha. Katika nchi jirani ya Uganda, Hospitali ya Mulago, daktari wa mifupa Ronald Huckstep alikuwa akionyesha katika miaka ya 1960 kwamba watoto waliopooza kwa polio wanaweza kusimama kwa vyuma vya miguu vya bei nafuu vilivyotengenezwa na mafundi wa hapo hapo. Tanzania ilipata kituo chake kikubwa baadaye kidogo. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, na katika muongo huo shule yake ya fiziotherapia ikaanza kutoa wataalamu wazalendo. Mwaka 1981 ikafuata TATCOT, pia Moshi, chuo cha mafundi wa viungo bandia ambacho kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Dar es Salaam ilipata Taasisi ya Mifupa Muhimbili kwa sheria ya mwaka 1996. Morogoro, iliyo njia panda ya magari ya Dodoma, Iringa na Dar es Salaam, ikawa na majeruhi wa barabarani wa kutosha kuwapa kazi wahitimu wa vyuo hivyo.

Kati ya yote yaliyofanyika baada ya uhuru, lenye funzo kubwa kwa suala hili ni kampeni ya mwaka 1973 iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi cha redio, mmoja akasoma kijitabu kwa sauti, kisha wakajadiliana na kuamua la kufanya kabla ya kutawanyika. Mada zilikuwa malaria, kichocho, safura, kuhara, kifua kikuu. Kampeni ilitegemea majadiliano, si faini. Kundi lilikubaliana kuchimba vyoo, na vyoo vikachimbwa kwa malaki. Miaka 18 kabla, wakulima wa Uluguru walikuwa wamekataa kuchimba matuta kwa amri.

Zaidi ya miaka 20 baadaye, jimbo la Victoria nchini Australia lilijaribu jambo linalofanana kuhusu maumivu ya mgongo. Kuanzia mwaka 1997 matangazo ya televisheni yaliwaambia watu wasiuogope mgongo, waendelee na shughuli zao, wasijilaze kitandani. Rachelle Buchbinder na wenzake walipopima matokeo waliona imani za wananchi zimebadilika, na za madaktari pia, wakati katika jimbo jirani la New South Wales hazikubadilika. Madai ya fidia kwa maumivu ya mgongo yakapungua. Redio ya Tanzania ilikuwa na mbinu hiyo mkononi tangu 1973, na mpaka leo haijatumiwa kwa kiwango kile kuhusu migongo ya wakulima.

Sababu ya ujumbe ule wa Australia ilitoka kwenye utafiti. Kwa muda mrefu madaktari wenyewe waliagiza mapumziko ya kitandani. Mwaka 1986 Richard Deyo na wenzake kule Texas waliwagawa wagonjwa 203 wa kiuno: wengine walale siku mbili, wengine saba. Waliolala siku mbili walipona sawa na wenzao, na siku walizokosa kazini zilikuwa pungufu kwa asilimia 45. Nyuma ya hapo kuna elimu nyingine. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ujumbe wa maumivu haupandi kwenye ubongo kama ulivyo; uti wa mgongo huupunguza au kuuongeza njiani, na hofu, uchovu, utulivu na mguso wa mkono vyote vina sehemu yao. Mchuaji aliyeanza mbali na panapouma alikuwa akiitumia kanuni hiyo bila kuwa na jina lake.

Hofu ndiyo adui mkubwa hapa, na mara nyingi huletwa na maneno ya hospitali yenyewe. Mgonjwa hupigwa picha, akaambiwa pingili zimesagika. Anarudi nyumbani akiona mifupa yake kama mahindi kinuni, na kuanzia siku hiyo hainami tena hata kufunga kamba ya kiatu. Ukweli ni mwepesi kuliko hivyo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Dalili za kuchakaa kwa diski zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa watu wengi ni kama mvi. Mgonjwa aliyeelezwa hivyo, kwa upole na baada ya kupimwa vizuri ili kuondoa shaka ya jambo kubwa kama kifua kikuu cha uti wa mgongo, huwa tayari kujaribu kuinuka.

Kujaribu huko kunaonekana vizuri katika kipimo kimoja rahisi kinachotumika duniani kote. Mgonjwa huketi kwenye kiti cha kawaida, mikono imekunjwa kifuani, kisha huinuka na kuketi mara tano huku saa ikihesabu. Mara ya kwanza anainuka kwa shida, anashika hewa, anatafuta pa kuegemea. Mtaalamu yuko kando, mkono wake karibu na kiwiko bila kumgusa. Sekunde zinaandikwa kwenye kadi. Baada ya majuma kadhaa ya mazoezi anarudia, na namba mpya inaandikwa chini ya ile ya zamani. Hakuna haja ya kumshawishi kwa maneno. Karatasi anaishika mwenyewe, ndugu aliyemsindikiza anaisoma pia, na safari hii mazoezi yanaonekana yakifanya kazi kama zamani sindano ilivyoonekana.

Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyeandika mwaka 1977 juu ya imani ya mtu katika uwezo wake, alisema imani hiyo hutokana hasa na kufanya jambo ukaliweza, kumwona mtu kama wewe akiliweza, kutiwa moyo na unayemwamini, na jinsi unavyousoma mwili wako wakati wa kufanya. Vyote hivyo vilikuwepo kwenye mkeka wa mchuaji na katika vikundi vya Mtu ni Afya. Katika chumba cha mazoezi chenye foleni ndefu na mtaalamu mmoja, kinachobaki mara nyingi ni karatasi yenye michoro.

Morogoro ilipewa mtihani mgumu wa imani hii tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu na kulipuka watu wakiwa wamelizunguka. Waliokufa walizidi 100. Aliyenusurika na moto hukabiliwa na jambo ambalo mgonjwa wa kiuno halijui: ngozi inayopona hujikunja, na kiungo kisipochezeshwa kila siku, kwa maumivu makali, hufungana na kubaki hivyo. Katika hali hiyo mtaalamu anaomba ruhusa ya kuumiza ili asaidie. Ruhusa ya namna hiyo haipatikani kwa cheo. Hupatikana kwa kueleza kila hatua kabla ya kuifanya, kukubaliana na mgonjwa ishara ya kusimama, na kusimama kweli anapoitoa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Mwongozo wake wa Desemba 2023 unapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi, na baadhi ya tiba za mkono, na haupendekezi mikanda ya kiuno wala dawa kali za jamii ya afyuni kama tiba ya kawaida. Kwa Uluguru hii ni habari njema, kwa sababu yanayopendekezwa ni ya gharama ndogo na hayahitaji mashine. Yanahitaji muda wa mtaalamu na utayari wa mgonjwa.

Muda huo unaweza kuongezwa na watu waliokwisha kuaminiwa. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, kwa hiyo kumwita mchuaji mezani si jambo la kificho. Mchuaji anayejua dalili za hatari, miguu kufa ganzi, mkojo kushindikana, homa za usiku na kukonda, atamleta mgonjwa hospitali mapema. Mtaalamu wa fiziotherapia anayemheshimu mchuaji atapata mtu wa kumsimamia mgonjwa huko Kinole juma zima.

Waganga wakuu wa wilaya za Morogoro na Mvomero wana zahanati vijijini, wana redio zinazosikika milimani, na wachuaji wao wanajulikana kwa majina. Wawaalike wachuaji hao waingie chumba cha mazoezi waone kinachofanyika humo, na mjomba au bibi aliyemsindikiza mgonjwa asiachwe tena kwenye benchi la nje.